Soksi ya Kushoto

Telmo hakuniuliza ninaumwa wapi.
Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko nilivyokaa mimi,
akasema: "Dona Hermínia, unataka nini?"
Miaka hamsini na minane, madaktari wa miji mitatu,
na swali hilo sikuwahi kulisikia.
Nikajibu kabla haya haijanishika mdomo:
nataka kuvaa soksi. Ya kushoto. Peke yangu.

Hakucheka. Akaandika.
Kisha akakiri, akichezea kifuniko cha kalamu,
kwamba ugonjwa wangu anaujua kwa mistari miwili ya kitabu,
na yote miwili ni ya watoto.
Nikamwambia: watoto hao, kijana, huwa wanakua.

Mifupa yangu haikuvunjika kwa kishindo.
Ilipinda polepole, mshumaa uliosahauliwa dirishani Agosti.
Figo zangu zina ukarimu wa mlevi:
fosfeti yote iingiayo zinaimwaga nje,
zinalipia meza nzima, mimi nabaki na deni.
Baba naye alikuwa na matege.
Kiwandani, hapa Covilhã, walimwita Mabano,
naye, akisukuma toroli la sufu, aliwajibu:
"Ndani ya mabano ndimo ukweli hujificha."
Kaka zangu walirithi nyumba na miguu iliyonyooka.
Mimi nilirithi saa isiyotembea,
na hii.

Tena mwili una kejeli zake.
Unanyima mfupa panapohitajika,
unaotesha mfupa pasipoitwa:
visiginoni, nyongani, kando ya uti wa mgongo,
vichipukizi vinavyoziba kiungo
kama nilivyoziba mimi, miaka thelathini, kwa sindano,
matundu ya mablanketi ya watu,
hata mwenyewe asijue palipotoboka.

Alhamisi ni siku ya bwawa. Maji vuguvugu, harufu ya klorini,
nje ya kioo theluji ya mlimani, mgeni asiyeaga.
Humo majini nina uzito wa kabichi.
Mguu mbele, mguu upande,
Telmo anahesabu, namsahihisha hesabu.
Wiki ya tatu akaja Graciete, wa kutoka Guarda.
Alishuka ngazi ameshika vyuma kwa mikono miwili,
nikaiona miguu yake.

Sijui niseme vipi.
Nilidhani miguu hii ni ya ukoo wetu tu,
kama pua, kama ugomvi wa shamba.
Tulisimama, maji yametufika kifuani, tukitazama chini:
miguu minne ikiyumba juu ya vigae vya buluu,
mabano mawili,
na ndani yake hakuna aliyetia neno.

Nyumbani, utepe wa mpira, wa manjano,
umefungwa kwenye mguu wa meza ya jikoni.
Vuta, shikilia, achia. Usilazimishe.
Kuna siku siugusi. Kuna siku hata shuka ni zito.
Nampigia Telmo, namdanganya kwamba basi halikupita,
naye anajifanya kuamini:
"Basi vuta pumzi tu, Dona Hermínia. Mara kumi."
Nafanya saba.

Jumapili moja ya Machi, kabla ya kahawa,
nyonga ilinipa nafasi ya vidole viwili, ghafla,
kama karani aliyechoka kubisha.
Nikatia dole gumba. Nikavuta. Nikatukana. Nikavuta.
Dakika kumi na moja kwa saa ya jikoni, ile inayotembea.
Soksi ikapanda, ikavuka kisigino changu kibaya,
ikafika kifundoni.

Nimeivaa ndani nje. Mshono wote unaonekana,
na kisigino chake kimekaa juu ya unyayo.
Mimi, niliyewafumulisha wasichana kazi ya siku nzima
kwa mshono uliopinda kidogo tu.

Nikaenda nayo sokoni hivyo hivyo.